Kiti cha Kulia

Jumatatu, 4 Machi
Barua imefika! Shirika la ndege linanitaka niwe rubani msaidizi — kwa masharti. Cheti cha afya daraja la kwanza: ninacho. Mitihani ya nadharia, yote kumi na minne: nimefaulu, ule wa hali ya hewa kwa kuponea chupuchupu. Saa za kuruka: elfu moja mia tano. Ninazo 1,488. Kitabu changu cha saa kikaguliwe Ijumaa ya wiki ijayo, jioni. Nikichelewa, nafasi anapewa mwingine.

Mama hakuelewa. Miaka yote hii hewani, bado hazijatosha? Akasema mimba ya tembo ni miezi ishirini na mbili, yangu inakwenda mwaka wa tano. Kisha akatoka kumwambia jirani kuwa mwanawe ni kapteni.

Jumanne, 5 Machi
Nafundisha watu kuruka. Nikikaa kiti cha kulia, pembeni ya mwanafunzi, saa zinaingia kitabuni kwangu. Akiruka peke yake, zinaingia kwake tu. (Mama: kiti cha kulia nini, chakula au machozi?)

Wanafunzi ninao wawili. Daktari wa meno ana mafua — masikio yakiziba, huruki. Amebaki Mwalimu wa Hesabu. Ndiye aliyenifundisha darasa la sita akanipa kumi na saba kwa mia. Amestaafu, ana miaka sitini na miwili, hatafuti ajira wala sare. Anataka kuruka peke yake, hata mara moja tu. Yeye ananiita mwalimu, nami namwita mwalimu. Waongoza ndege wa mnarani wanatucheka redioni.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu ametua mara sita leo. Ile ya mwisho sikuihisi kabisa, nilijua tumefika chini kwa mlio wa tairi tu. Yuko tayari. Ninajua.

Zimebaki saa nane.

Nikamwambia bado. Akauliza kwa upole, kalamu mkononi, "Nimekosea wapi?"

Nikasema shingo. Anachelewa kuangalia kushoto kabla ya kukata kona.

Shingo! Hata uongo wa maana nimeukosa. Akaandika, akapigia mstari.

Jumapili, 10 Machi
Mke wa Mwalimu amenipigia simu. Mzee hagusi gazeti tena. Anakaa kwenye kiti cha jikoni, ameshika mfuniko wa sufuria kama usukani, anageuza shingo kushoto, kushoto, kushoto. Jana shingo imekakamaa, amelala na taulo la moto. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema amewahi kumwona hivi mara moja tu, mwaka aliostaafu.



Jumatatu, 11 Machi
Mvua. Hakuna kuruka. Nikafurahi, halafu nikaona haya kufurahi.

Jumatano, 13 Machi
Jana na leo tumeruka. Nimesema bado mara mbili tena. Zimebaki saa tano na dakika ishirini. Kesho na keshokutwa, asubuhi na mchana, zinatimia kabisa.

Mchana mkuu wa mafunzo akaniita ofisini. Mwalimu amemuaga. Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho, anasema huenda hana kipaji. Ila amenisifu sana — kasema sijawahi kumkaripia, nina subira ya ajabu.

Subira! Njiani kurudi nyumbani nilipita kituo changu cha basi bila kukiona.

Alhamisi, 14 Machi
Saa tatu asubuhi. Niko kwenye nyasi kando ya njia ya kurukia, redio kwapani. Naandika nyuma ya karatasi ya hali ya hewa, nitanakili baadaye. Mikono bila kazi itanitia wazimu.

Tulizunguka mara moja, tukatua. Nikamwambia asimamishe ndege pembeni. Nikafungua mkanda, kisha mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Nashuka. Zunguka mara moja peke yako, urudi."

"Na shingo?"

"Shingo yako haina kosa, haijawahi kuwa nalo. Nilizihitaji saa zangu, nikakudanganya. Nisamehe, mwalimu."

Akanitazama kama alivyokuwa akilitazama daftari langu, mstari kwa mstari. Kisha akasema nifunge mlango vizuri, upepo unaingia.

Ndege bila mimi ni nyepesi. Imepaa mapema, hata sijakaa sawa kutazama. Amekata kona ya kwanza. Ya pili. Simu inatetemeka mfukoni — Mama, lazima anauliza zimebaki ngapi. Simjibu. Dakika hizi hazimo kitabuni kwangu na sina hakika nitazipata wapi nyingine kabla ya kesho jioni.

Kona ya mwisho. Yuko sawa na njia. Upepo umegeuka, pua inayumba. Naweza kubonyeza redio nikamwelekeza. Kidole kimeshafika. Hapana — anainyoosha mwenyewe. Mita ishirini juu ya lami. Kumi. Inua pua sasa, mwalimu, polepole, polepo— Mlio wa tairi tu, yuko chini.