Diski Tupu Yenye Jina Lako

Hooyo wangu,

Ulikuwa ukiniita "hooyo" nami nikikuita "hooyo", yaani mama, kama mama wote wa kwetu wanavyowarudishia watoto jina lao wenyewe. Zainabu, mkwe wako, alipotoka Hola kuja kuolewa hapa Galbet, alidhani tumesahau majina yetu. Leo ninakuita na hutaitika. Ninakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya nyumba yangu siku hizi, na pia kwa sababu aibu hii nikiisema kwa Kisomali nitaona kama umeketi mbele yangu, shela begani, unanisubiri nimalize.

Unalikumbuka sanduku la bati? Ufunguo wake uliufunga kwenye pindo la shela, na sisi watoto tulijua saa ya kufunguliwa kwake kwa harufu ya uunsi, ubani wetu, iliyotoka humo. Hodan, dada yangu, alipoolewa, ndimo ulimoiweka ile kanda ya video ya harusi. Siku hiyo sisi wanaume tulikuwa ua wa pili tunakula mbuzi, na ngoma ya wanawake ikitufikia juu ya ukuta. Kisha ngoma ikanyamaza, wakasema mama ya bibi harusi amesimama kutoa buraanbur, yale mashairi ya wanawake ambayo mwanamume hayasemi hata kwa mzaha. Niliacha kutafuna nipate kusikia. Sikupata neno, ila vigelegele tu. Aliyepiga video alikuwa mwanamke, waliopigwa walikuwa wanawake, vichwa wazi na dhahabu zao zote, na kanda ikarudi kwa mama ya bibi harusi kama desturi ilivyo.

Ulipougua ukanifungulia pindo la shela. "Hii si ya macho ya wanaume," ukasema. "Wewe nishikie sanduku tu, hooyo."

Nikashika. Miaka yote hiyo nililishika vizuri, juu ya kabati, chini ya mabati yanayochemka kwa jua la Garissa, na sikujua kwamba kanda nayo inaweza kuungua taratibu bila moto. Halafu Hodan akapiga simu kutoka Wajir. Binti yake anaolewa, na alitaka nyanya yake naye awepo, hata kwa kanda. Nyumbani kwao wana mashine ya kuchezea DVD. "Aboowe," akaniambia, kama anavyomwita kaka yake, "nitafutie mtu aiweke kwenye diski."

Mtu gani, Hooyo? Kule mjini wanaofanya kazi hiyo ni vijana wa kiume, na kanda haihamishwi bila kuchezwa yote mbele ya macho yao. Zainabu akasema angewasha kanda airekodi kwa simu. Nikamcheka. Nikamwambia kitu kikiingia kwenye simu leo, kesho kiko Eastleigh kule Nairobi, keshokutwa kiko Minnesota kule Marekani. Diski ni kitu kimoja, unakishika, unakifungia. Nikaamua kununua mashine ya kurekodi, niifanye kazi hiyo mwenyewe sebuleni kwangu, mlango umefungwa.

Wewe unajua mwanao ni dalali wa mbuzi. Ulinifundisha mwenyewe soko la mifugo, nikiwa bado nashika mkono wako: usinunue mnyama bila kumfungua mdomo. Basi niliinunua mashine hivyo hivyo. Nilikwenda na Zainabu kwa muuza vyombo vya mtumba, nikaifungua droo yake, nikaifunga, nikaichungulia nyuma kama kuna tundu za waya za deki yetu ya video, nikaitikisa. Yule kijana, kwa heshima ya Zainabu, aliongea Kiswahili. "Wallahi mzee, hii iko fizuri. Natoka Dubai. Disk yoyote weka, itacheza." Haikuwa na kijitabu cha maelezo. Nikasema kijitabu cha nini, mbuzi huja na kijitabu?

Nilinunua kwake pia diski tupu za bei rahisi, za kujaribia. Nilirekodi taarifa ya habari, ikatoka safi, isipokuwa mahali pamoja picha iliruka. Nikasema hapana, Hooyo hatarukaruka. Nikarudi nikachagua diski moja ya hali ya juu, ndani ya kijumba chake cha plastiki, ya kuandikwa mara moja tu, asije mtoto akafuta. Zainabu akaishika akaigeuza.

"Baba Hibo, hii ina alama ya kujumlisha. Zile za jana zilikuwa na alama ya kutoa."

"Na kipi bora," nikamwambia, "kujumlishiwa au kutolewa?"

Hata hivyo nilipima. Niliazima kwa jirani diski ya mawaidha yenye alama hiyohiyo ya kujumlisha, nikaiweka, ikacheza bila kikwazo. Nikamwonyesha Zainabu, unaona? Ulikuwa na neno lako moja sokoni, nililisahau siku hiyo niliyolihitaji: mdomo utakwambia umri wa mbuzi, lakini maziwa huyajui mpaka umkamue. Mashine ile ilisoma diski za alama zote mbili. Kuandika, iliandika za kutoa peke yake.

Siku yenyewe niliandika jina lako juu ya diski kwa kalamu ya wino mzito, nikaiingiza. Zainabu akasema, "Wacha mimi nikae niangalie. Mimi ni mwanamke, hakuna haramu." Maneno ya haki kabisa. Nikamwambia waya na rimoti hizi atazivuruga, aende akapike. Ee Mungu wangu, nilivyokuwa hodari!

Nikabonyeza kanda, nikabonyeza kurekodi, kisha nikafanya nililoliona la uungwana kupita yote. Nilichukua shela yako, ile ile ya ufunguo, nikaifunika televisheni mpaka chini, ikafunika na mashine. Nikageuza mkeka, nikakaa nimeupa mgongo ukuta ule wa televisheni. Kwenye kioo, chini ya shela, mashine ilikuwa inasema kwamba diski hii haiandikiki. Ilisema hivyo tangu mwanzo. Mwenye macho ya kuisoma alikuwa jikoni anakatakata vitunguu.

Lakini sauti ilitoka, Hooyo. Ngoma ile niliyoisikia juu ya ukuta. Kisha kimya, kisha wewe. Nilikuwa sijakusikia tangu tulipokuzika, na niliufunika uso kwa mikono miwili. Ulimwombea Hodan nyumba isiyokosa maziwa wala mgeni. Ulimwambia mume aliyempata ni kisima cha Wajir, hakikauki kwa ukame wa mwaka mmoja. Ukataja ukoo, ukamtaja marehemu Baba. Halafu ukanitaja mimi. Sikujua kama nimo. Ukasema, na kaka yako, binti yangu, ni yule ambaye ukimpa kitu akutunzie, kitarudi kama kilivyotoka.

Wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili yangu. Nami nimekaa pale, mgongo nimeipa mashine isiyorekodi chochote, nimejaa kifua.

Ulipomaliza nikabonyeza rimoti kwa juu ya bega, kanda irudi mwanzo. Deki ikakohoa, ikaanza kutafuna. Nilipoitoa shela na kuivuta kanda, utepe ulikuwa umekunjamana na kukatika, na ule utando wake umebanduka, umeniachia unga mweusi vidoleni. Kipande nilichounganisha hakikutoa ila mchelemchele kwenye kioo. Nikajifariji kwamba diski ipo. Nikaitoa, ikiwa na jina lako zuri juu yake, nikaitia tena, na mara hii nilitazama kioo. Zainabu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisoma maandishi yale pamoja nami. Kisha akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nina aibu, Hooyo. Sina aibu ya kutotazama; pale ninajua nilikutii. Nina aibu kwamba kulikuwa na macho halali ndani ya nyumba yangu na nikayafukuza, ili mradi isemwe mimi ndiye niliyefanya. Nimewafungua mbuzi wa watu midomo miaka yote, wangu nikashindwa kuufunga.

Nilimkwepa Hodan kwenye simu mpaka nikaona ninamfanyia kosa la pili. Nikampigia nikamwambia yote, hata la jikoni. Nilisikia ngamia wa watu wakipita kwake na mtu akiwafokea.

"Aboowe, wewe uliisikia?"

"Niliisikia."

"Yote?"

"Yote."

"Basi nisemee. Nitasimama mimi. Si sasa mimi ndiye mama ya bibi harusi?"

Nikamwambia mwanamume hasemi buraanbur, nitachekwa mpaka soko la mbuzi. Akasema, "Utachekwa na nani? Funga mlango, geuka ukutani. Si unajua kugeuka ukutani?" Nilistahili hilo.

Basi nilimwita Zainabu akae, mbele ya macho yake, nikageukia ukuta, nikaanza kwa sauti yangu hii ya mnada. Maziwa na mgeni. Kisima cha Wajir. Ukoo, Baba. Nilipokwama Hodan alisubiri. Nikafika mwisho, nikasema ndiyo hiyo.

"Umeruka," akasema.

"Sijaruka."

"Aboowe, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa miguuni pake. Mengine yamenitoka, kwa sababu nilikuwa ninalia. Lakini kuna mstari wa kwako. Umeuruka."

Nikamwomba auache, binti yake atapungukiwa nini. Akaniuliza kama sasa ninataka kuyapunguza na maneno ya Hooyo, baada ya kanda.

Nikausema. Nilisema mbele ya ukuta kwamba mimi ni yule ambaye ukimpa kitu akutunzie, kitarudi kama kilivyotoka, kisha nikaurudia tangu mwanzo ili aushike vizuri. Upande wa pili Hodan alikuwa anaufuata taratibu, neno kwa neno, kwa sauti yako, na akaniuliza kama ndivyo ulivyokuwa. Ndivyo ulivyokuwa, Hooyo.

Diski nimeirudisha sandukuni, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso ya Zainabu. Lala salama, uniwie radhi.

Ni mimi, hooyo,
mwanao wa kwanza