Jiwe la Kaka

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Goti la mama lina nafuu, na mlango wa chumba chako bado unakwama.

Jana serikali ilizindua mnara wa kumbukumbu ya kaka. Hadubini yake imewekwa kwenye kabati la kioo, eti alikuwa mwanasayansi wa taifa na waziri asiye na mfano. Walewale waliomzomea bungeni walilia mpaka makamasi.

Nikamsifu fundi aliyechonga lile jiwe, kwamba amefanya kazi nzuri tena haraka. Akacheka. "Haraka wapi, dada? Hili waliniagiza tangu wakati wa mvua."

Wakati wa mvua! Kaka amekufa ghafla kiangazi hiki. Mvua zikinyesha alikuwa mzima, anaitania chai yangu. Fundi aliponiona nimebadilika uso, akaanza kufuta vumbi lisilokuwepo.

Mara mwenyekiti wa kamati ya mnara akanishika mkono, mpole kama daktari. Alizisifu makala zako za gazetini, akauliza unarudi lini. Kisha akaomba jina lako kamili.

Nikamwambia nimelisahau. Kaa hukohuko.

Dada yako