Sifuri ya Mwanzo

Plovdiv, Septemba

Mdogo wangu Kalina,

Mama amemaliza kuchoma pilipili hoho za kuweka akiba ya majira ya baridi, na roshani nzima inanuka moshi. Anauliza kama mtoto ananyonya vizuri.

Juzi mezani alitusimulia jinsi kompyuta ya hospitali ilivyokukana, "Hakuna mtu mwenye namba hii," wewe umekaa kwenye benchi la mapokezi na uchungu wako. Akafoka, "Punguani gani kaitengeneza?" Nami nikadakia, "Wamfukuze leo hii!"

Kalina, punguani ni mimi. Kwenye kazi yetu ya kuandika programu, kabla ya kuhifadhi kitu unaitangazia mashine ni cha aina gani. Namba ya uraia niliitangaza kuwa ni ya hesabu, badala ya maandishi. Kwenye hesabu sifuri ya mwanzo haina maana, basi mashine huitupa. Namba zetu huanza na tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kuzaliwa; na yako, kwa kuwa umezaliwa elfu mbili na tatu, inaanza na sifuri.

Niliujaribu mfumo kwa namba yangu, ya Mama na ya Baba. Zote zikakubali, nikaenda zangu nyumbani.

Yako naijua kwa moyo. Haikunijia hata kidogo.

Dada yako,
Zornitsa