Taa ya Meneja na Kifuniko cha Babu

Nyumbani, mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya vioo,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu Chiriku, mke mwenzangu,

Hujambo? Umekula? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi huku wazima. Magoti yangu yanalia kila nikiinama, lakini yamelia miaka mingi na bado yananibeba. Mume wetu, babu yako, anakula, analala, ananung'unika. Afya anayo.

Anayeandika ni shangazi yako, maana mimi na kalamu hatukuwahi kukutana darasani. Nimemwambia asilainishe kitu. Akimaliza atanisomea yote, na nikisikia neno ambalo si langu, ataandika upya.

Barua yako tumeipata. Unauliza kama Meneja, kobe wako, anatuchosha, na kama tumpeleke kwa rafiki yako mwenye bustani. Unasema pia utatuma balbu nyekundu na mkeka wa umeme wa kumpasha joto. Balbu usitume. Mkeka usitume. La bustani nitakujibu, lakini kwanza ujue yaliyotokea, usije ukayasikia kwa binamu yako yametiwa chumvi.

Baridi ilipoanza tulimwingiza Meneja ndani, pale sebuleni. Unajua mume wetu alivyokuwa tangu afunge karakana. Vidole vina ganzi, kazi hana, anakaa kitini mpaka kiti kimechukua umbo lake. Niliposema kobe anataka nyumba, akainuka. Akatoa vipande vya vioo vilivyobaki vya madirisha ya duka, akavikata, akasugua kingo mpaka hujikati hata ukitaka, akaviunganisha. Akatengeneza na kifuniko, kioo kitupu, kinakaa bila kucheza, na vitundu vya hewa ubavuni. Ile taa ndefu ya mrija uliyotuletea, yenye miale kama ya jua, akailaza juu ya kifuniko. Majirani walikuja kutazama. Hata mimi nisiyesifu mtu ovyo, nilisifu.

Meneja akaanza kulegea. Majani anayanusa, anayaacha. Macho nusu wazi. Nikasema anajifanya, ndiyo maana anaitwa Meneja. Lakini siku ninamwosha, dole gumba langu likabonyea kwenye gamba kama ninashika chungwa lililolala. Gamba la kobe halibonyei, Chiriku. Nilimtia kapuni, nikamvuta mume wetu, tukaenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari ni binti mdogo, sauti kubwa. Akambonyeza Meneja huku na huku, akauliza kama tuna taa ya miale. Tunayo. Mpya? Mpya. Imewekwa wapi?

"Juu ya kifuniko," mume wetu akasema, kifua mbele. "Kioo safi. Hata vumbi halipiti."

"Na jua halipiti vilevile, babu."

Ungemwona alivyovimba. "Binti, mimi nimeweka vioo kabla mama yako hajaolewa. Mwanga unapita. Kama haupiti, mbona mapazia ya wateja wangu yanapauka nyuma ya dirisha?"

Yule binti hakumcheka, na kwa hilo nampenda. Alisema swali ni zuri. Miale iko ya aina nyingi. Ile inayopausha mapazia inapita kwenye kioo. Ile inayokomaza gamba na mifupa inabaki upande wa pili. Kobe wetu amekaa chini ya taa wiki zote hizo, anaona mwanga, lakini ni kama amefungiwa kabatini. Akatupa unga wa kalsiamu wa kumnyunyizia kwenye majani, akasema kifuniko kitoke leo hiihii, tukichelewa gamba litapinda na hatatembea.

Tulipofika nyumbani mume wetu akaketi kwenye kile kiti chake. Nikamwambia, "Mume wangu, kifuniko chako ni kizuri na kinamuua kobe. Inuka ukitoe."

"Kitoe wewe," akasema. "Mwandikie mtoto amchukue kobe wake, ampeleke kwa watu wanaojua."

Nikakitoa mimi. Kizito kile! Nikakiegemeza ukutani mbele ya macho yake, akitazame vizuri. Sikumbembeleza. Unanijua.

Sasa bila kifuniko, upepo wa mlangoni ukawa unaingia moja kwa moja, na Meneja akajikunyata kwenye kona. Mimi nikaanza kutafuta mablanketi. Hapo ndipo mume wetu aliposhindwa kuvumilia. Alisema blanketi karibu na taa ni moto, nyinyi mtachoma nyumba, niletee rula na kisu cha kukatia kioo. Akakilaza kifuniko mezani akikate vipande virefu, aongeze kimo cha kuta ili upepo upite juu. Mimi nilishika rula. Vidole vyake havishiki kisu sawasawa, sikufichi. Kipande cha kwanza kilipasuka vibaya, akatoa tusi ambalo shangazi yako anakataa kuliandika. Cha pili kilitoka kimepinda kidogo. Cha tatu sawa. Akaviunganisha hivyo viwili vya mwisho, kile kilichopinda akakiweka upande wa ukuta.

Kuhusu joto nilikwenda mwenyewe dukani. Muuza vifaa vya umeme akanitolea balbu nyekundu kama yako. "Mama, hii inapasha joto usiku kucha na inapendeza macho."

"Macho ya nani?" nikamuuliza.

Daktari alikwisha kunieleza: usiku kobe anataka giza, na nyekundu nayo ni taa. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unalia taa ikiwaka, kwa nini yeye asilie? Mkeka nao haufai. Kobe akisikia joto anachimba chini apate ubaridi. Ukimwekea moto chini, atachimba kuufuata akidhani anaukimbia, na tumbo lake haliungui kwa haraka ajue, linaungua polepole. Joto lake litoke juu, kama la jua.

Kwa hiyo tumefanya hivi. Upande mmoja ipo balbu nyeupe ya mchana, anaota chini yake. Taa ndefu imening'inizwa kwa minyororo juu ya upande huohuo, haina kioo wala plastiki mbele yake, na iko juu kiasi cha kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Upande mwingine ni kivuli na kibanda cha kujificha. Usiku zinazimwa zote, inabaki balbu ya kauri inayotoa joto bila mwanga, na kifaa kinachoizima joto likizidi. Holda za kushikia balbu ni za kauri, plastiki ingeyeyuka. Vifaranga ninawajua: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakitawanyika wana joto. Kobe yuko peke yake, hana wa kurundikana naye, basi tumeweka kipimajoto kila upande na shangazi yako anatusomea.

Meneja ameanza kula. Si sana. Gamba bado laini. Daktari anasema ni kazi ya miezi, na halitarudi kuwa sawasawa kama zamani kwa macho, litabaki na mabonde. Sitaki uje kushtuka.

Sasa la bustani. Kobe haondoki. Mume wetu anaamka kabla yangu kwenda kuwasha zile taa. Anavaa shati lenye kola, kama anakwenda karakana. Anakaa kwenye kigoda pale chini na kumkatia majani vipande vidogo, na vidole vyake vimeanza kushika kisu vizuri. Rafiki yako ana bustani nzuri, sawa, mwambie apande mchicha. Ukimchukua yule kobe, mimi nitabaki na mtu na kiti.

Jambo moja tu tunalihitaji. Daktari anasema taa ndefu huisha nguvu kabla ya mwaka kwisha. Kwa macho bado inang'aa, lakini ile miale ya gamba imekwisha. Hapa mtaani hawaiuzi. Usimpe dereva, usimpe mtu yeyote. Ipakate mwenyewe, uje uikabidhi kwa mume wetu mkononi, ukae angalau mpaka akutambue wewe ni nani uliyekonda hivyo.

Wasalimie mwenzako wa chumba, yule muuguzi aliyekutunza ulipougua, na binamu yako mwongo. Shangazi yako anakusalimu, mkono umemchoka. Mume wetu hajasema salamu. Amesema uulize urefu wa mrija kabla hujanunua.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akurudishe hapa ukiwa na meno yote.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda kwa kukugombeza,

Mke mkubwa.