Jino Lililonyamaza

Mtani wangu Mwalimu Komba,

Wewe Mngoni, babu zako walikuja kutuibia sisi Wamwera kuku, nawe ukaja Lionja kutuibia jioni zetu kwa darasa la ngumbaru, kutufundisha watu wazima kuandika. Tangu mwaka jana umelala kwenye ardhi yetu na hata asante hujasema. Basi nasema mimi. Barua hii naiandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu wa jembe.

Nakumbuka shavu lilivyokuvimba. Ulifundisha hivyo hivyo, kiganja shavuni, nami nikakuuliza umeficha muhogo wa nani. Kisha maumivu yakaisha ghafla, uvimbe ukanywea, mkeo akapika ubwabwa tukala kwa furaha. Kumbe usaha ulikuwa unapanda.

Ulipoliita jembe sufuria mbele ya darasa, tulidhani ni utani. Nikakwambia nenda basi ukalime na sufuria yako. Tukacheka sote, na wewe pia, halafu ukashika kichwa ukakaa chini. Kesho yake ulianguka ukitetemeka. Daktari wa Nachingwea alisema uchafu wa jino bovu umefika kwenye ubongo na kufanya jipu.

Tulipokuja kukuona, maneno yalikuwa yamekukimbia. Ukagusa jino lako, ukagusa kichwa, kisha ukatuelekezea kidole vinywani mwetu, mmoja mmoja. Ukarudia mpaka tukaitikia kwa kichwa. Mwalimu, sijaona mtu kama wewe. Unakufa, na bado unafundisha. Wiki ile ile tukakuzika.

Mwezi uliopita binti yangu Somoe alivimba taya. Jino likatoa usaha, likanyamaza. Baba yake akasema limepona, tumalize kuvuna ufuta. Mtoto akaanza kulalamika kichwa. Nikakikumbuka kidole chako. Nikauacha ufuta upukutike shambani, nikapanda naye lori la mazao mpaka hospitali. Jino waliling'oa, sindano alichomwa mpaka akachoka kulia. Jana nimemtuma maji, akanijibu kwa jeuri, sentensi ndefu, kila neno mahali pake. Nilikaa kizingitini nikalia kwa furaha.

Pumzika sasa, Mwalimu. Kuanzia leo, mtoto yeyote wa Lionja mwenye jino bovu nitamshika mkono mwenyewe mpaka kwa daktari, wazazi wake watake wasitake. Wakiniita mkorofi, nitawaambia nimefundishwa na Mngoni.

Mtani wako,
Mama Somoe