Watu wa Baladia Wamerudi Kupima Choo cha Mama

Jumanne, Mei 2016. Rashidiya, Dubai.

Samahani, nimekaa kimya muda mrefu mno. Mara ya mwisho nilipoandika hapa mtoto alikuwa hajaota hata jino, sasa ananing'ata. Joto limeanza mapema, ndege zinapita juu ya paa kama kawaida, na mimi nimechoka. Lakini leo ni uchovu wa kulala nao kwa raha.

Kwa msiojua, naishi nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Zuwena. Mimi nimetoka Unguja kuja kuolewa. Yeye aliletwa na wazee wake kutoka huko huko angali mdogo, akapata uraia, na nyumba hii aliijenga na marehemu mumewe. Mwaka jana sukari ilimharibu mguu wa kushoto, ukakatwa chini ya goti. Tangu hapo anatembelea kiti cha magurudumu. Na choo chetu kina kizingiti kirefu, kiliwekwa kuzuia maji yasimwagike ukumbini, na mlango mwembamba ambao kiti hakipiti.

Kwa hiyo nambeba. Kuoga, kutia udhu, haja ndogo, haja kubwa. Mume wangu Nassor akiwa kazini uwanja wa ndege, ni mimi peke yangu, mtoto analia chumbani na Mama yumo mikononi. Mgongo umekuwa wa bibi kizee.

Shemeji yangu Khalfan, kaka yake Nassor, alipoona hali hii akasema khalas, yatosha, Mama ahamie kwake, ghorofani kule Jumeirah Lakes Towers. Kuna lifti, na choo hakina kizingiti. Alisema kwa mapenzi, sikatai. Lakini hapa Mama ana uwa wake na majirani wanaoingia bila kupiga simu. Kule atakaa dirishani kutwa akitazama magari mpaka Khalfan arudi kutoka kazini. Hataki kwenda. Tukakubaliana hivi: baladia wakikubali kutengeneza choo kabla ya Ramadhani, Mama anabaki. Wasipokubali, anahama.

Baladia ndiyo manispaa. Wana msaada kwa raia mwenye nyumba yake akiwa na mzee au mlemavu ndani. Wanakuja kukagua, kisha wanapanua milango, wanaweka vyuma vya kushikia, wanaziba panapovuja. Tukaomba. Wakamtuma mhandisi, kijana mpole.

Na sisi tukafanya ujinga wetu.

Mgeni anakuja, utamwacha aione nyumba ilivyo? Nilipiga deki tangu alfajiri. Nikafukiza udi. Kiti cha magurudumu nikakisukuma stoo, ndoo na kiti cha plastiki anachoogea Mama nikavificha nyuma ya nyumba. Mama akavaa buibui jipya, akaegemea mito ya majlisi, sebule yetu ya wageni, shali miguuni, kama bibi harusi. Kijana akaletewa kahawa, halua na tende. Alipomuuliza Mama kama anapata taabu kwenda chooni, Mama akajibu alhamdulillah, hana taabu yoyote, wanawe wanamtazama. Kijana akaona haya kuuliza zaidi. Akachungulia choo kinang'aa, akamaliza halua yake, akaaga.

Jibu likaja baada ya siku chache. Chuma kimoja cha kushikia, pembeni ya mlango wa choo.

Basi.

Khalfan akapiga simu kuuliza aje lini kumchukua Mama.

Nilikasirika, lakini nimkasirikie nani? Kijana aliandika alichokiona, na alichokiona nilikipanga mimi. Nikawapigia baladia mwenyewe, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, nikawaambia nyumba mliyoikagua siyo tunayoishi. Mwanamke mmoja aliyepokea simu akacheka sana, kisha akasema watarudi.

Leo ndiyo wamerudi.

Asubuhi Mama akaagiza buibui jipya na chetezo. Nikamwambia leo hakuna udi. Kiti chake kitakaa ukumbini, na ndoo itakaa pale inapokaa siku zote.

"Unataka kunivua nguo mbele ya watu, wee mtoto?"

"Sikuvui, Mama. Nataka wakuone unapokwama."

"Na wakinitangaza mji mzima?"

"Wakikutangaza, angalau utakuwa umeoga."

Akaniita mshari. Akasema watoto wa Unguja siku hizi hawana adabu, utadhani yeye wazee wake walitokea Ulaya. Nikamvisha kanga zake za kila siku, nikamkalisha kwenye kiti. Nikamshika mkono mpaka kengele ya mlango ikalia, lakini neno langu sikulibadili.

Amekuja kijana yule yule, pamoja na mwenzake mwanamke. Sikuwapa hata maji, na nilijisikia kama nimeiba. Mama akakisukuma kiti mwenyewe mpaka mlango wa choo. Magurudumu yakagota kwenye fremu, yakarudi nyuma. Akajaribu tena. Yakagota tena. Nilifunga mikono mgongoni nisije nikamkimbilia. Mtoto akaanza kulia chumbani, nikamwacha alie.

Mama akageuza shingo, akamwambia yule kijana kwa Kiarabu, taratibu:

"Mwanangu, nyumba hii nimeijenga mimi. Kila mlango nimeuchagua mimi. Huu ndio unaonishinda."

Yule mwanamke akapiga magoti, akatoa tepu, akaanza kupima.

Baada ya hapo Mama hakushikika. Walitaka kumwekea beseni la juu, akakataa. Anataka mfereji wa maji wa chini na kiti imara, atie udhu mwenyewe bila kungoja mtu. Marumaru za kung'aa hataki, zinateleza. Vyuma vya kushikia viwe na rangi nzuri, asije akajiona amelazwa hospitali. Kijana anaandika huku jasho linamtoka. Nilipowaletea kahawa kazi ilikuwa imekwisha, na Mama alikuwa anamhoji kama ameoa.

Wamekubali. Kizingiti kinavunjwa, mlango unapanuliwa, na mbele ya nyumba watajenga mteremko wa kiti kupita. Mafundi wanaanza wiki ijayo, ila karatasi zote ziwe mezani kwao Jumapili. Inshallah zitakuwa. Siombi, nasema.

Sasa nyinyi wa familia mnaosoma hapa kimyakimya, nisikilizeni. Bado nahitaji vitu hivi.

Wifi Salma, kule Al Ain: ripoti ya daktari aliyemkata Mama mguu, yenyewe, yenye muhuri, siyo picha ya simu. Na kopi ya pasipoti yako pamoja na barua ya kukubali, maana nyumba bado ina jina la marehemu Baba na kila mrithi lazima aridhie.

Mama yangu, Unguja: kanga mbili nyepesi za kuogea Mama mkwe, na mafuta ya karafuu ya mgongo wangu. Chupa kubwa.

Shemeji Khalfan: barua kama ya Salma, na sahihi yako, Alkhamisi isipite. Na kile kitanda ulichokwenda kumtazamia Mama alale kwako, kiache huko huko dukani.