Shingo Imeniharibia Posa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapoteza mchumba kwa sababu ya shingo, na tafadhali usicheke, maana huku kila mtu ameshacheka, hadi mama yangu mzazi. Mimi ni fundi simu, kutwa nimeinamia skrubu ambazo ukipiga chafya zimepotea, na kwa muda mrefu shingo ilikuwa inauma tu kama za watu wengine, mpaka mwaka huu ikaamua kulalia bega la kulia na kugoma kurudi, wateja nao bila aibu wakaanza kuniita Saa Tano, kwa jinsi kichwa kilivyolala kama mshale wa saa ukinitazama kwa mbele.

Dada yangu ni muuguzi, akanisihi niende kliniki, nikamwambia sina muda, basi akanitafutia mwalimu wa mkao anayefundisha kwa video, yeye yuko kwake na sisi wanafunzi kila mtu yuko kwake, tunamwona kwenye simu naye anatuona. Mwalimu ni mzuri, simlaumu sana, ila ana mambo yake: kaeni wima, shusheni mabega, rudisheni kidevu nyuma kama mtu aliyesikia harufu mbaya, geuzeni kichwa taratibu, haya, upande wa pili. Sasa mshauri, mteja amesimama kaunta anataka simu yake, nami nianze kurudisha kidevu nyuma? Ndipo nikatumia ufundi wangu, nikajirekodi kipande kifupi nimekaa wima kabisa, kisogo nimekibana ukutani, nikakiweka kijirudie chenyewe badala ya kamera, yeye akawa anatazama hicho na mimi naendelea na kazi, simu ya darasa nimeiegemeza kwenye kopo la gundi upande wa kulia ili nimchungulie. Wakigeuza vichwa nasingizia mtandao umeganda. Akanisifu mbele ya wenzangu, "Mwangalieni fundi, hatikisiki!" na akanipandisha kundi la waliobobea.

Sasa balaa lenyewe. Mchumba wangu ni dereva wa lori la mizigo, na nikimwona anavyolirudisha lile dude kinyumenyume kwenye uchochoro bila kugusa ukuta, moyo wangu unasuuzika. Jumamosi nikaenda kwao na mjomba wangu kuzungumza habari ya ndoa, na shangazi yake, ambaye ndiye msemaji wa familia, akaniuliza, "Akishakuwa mkeo ataendelea na lori lake. Umekubali?" Nikajibu kwa sauti kubwa, "Nimekubali kwa moyo wote!" Shangazi akanitazama, akainamisha kichwa vile vile kilivyoinama changu, akawageukia wenzake, "Huyu amekubali kwa shingo upande. Si mnaona wenyewe?" Sebule nzima ikaangua kicheko, na mjomba wangu naye, eti mjomba! Mchumba wangu tu ndiye ambaye hakucheka. Nikajaribu kuinyoosha shingo ikalia ko! nikapiga yowe, wakazidi.

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu, amenitumia ujumbe mmoja tu, "Hata mimi niliona." Wallahi mshauri nimemkubalia, ingawa ni mume gani asiyependa kumkuta mkewe nyumbani akirudi, na nilishamdokeza mara mbili tatu tu kwamba dukani kwangu kuna nafasi ya mtu wa kupokea wateja. Je, nimwombe mwalimu aniandikie barua ya kueleza kwamba ni shingo tu, au nijifiche mpaka ipone? Na vidole vya mkono wa kulia vimeanza kufa ganzi, lakini hilo si kubwa.

Wako, Saa Tano.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, kuhusu kutocheka umechelewa. Nimecheka, nikamsomea mwenzangu wa meza ya pili, naye akacheka mpaka chai ikampalia. Kisha nikairudia barua ili nitafute mtu wa kumwonea huruma, nikampata mwalimu wako. Maskini wa Mungu, anasifia video! Na wewe ukapanda cheo kwa kutofanya lolote. Ulimkomoa nani? Mwalimu yuko kwake na shingo yake nzima. Iliyopinda ni ya kwako, iliyokaa saa zote za mazoezi ikichungulia kopo la gundi.

Tuanze na hilo unalosema si kubwa. Vidole vinakufa ganzi na wewe ni fundi wa skrubu, hivi una akili timamu? Kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, nenda kliniki wakuchunguze. Dada muuguzi unaye, tena wa tumbo moja, ukamjibu huna muda. Ganzi haitibiwi kwa video wala kwa ukurasa wa gazeti. Wakikuruhusu mazoezi, mrudie mwalimu, umwambie ukweli wote, naye akushushe ukakae na wanaoanza, ndiko kwenu. Kamera iwe wazi akuone kuanzia kiunoni. Simu ikae mbele yako usawa wa macho, hata juu ya ndoo uliyoipindua, na mlango wa duka uwe umefungwa. Mteja atanuna kidogo, atazoea. Ukipata maumivu ya kuchoma, acha na useme, usijitie ushujaa. Na hiyo meza yako ya kazi iinue, ama shusha kiti, kazi ikufuate usoni badala ya wewe kuifuata magotini.

Sasa lori, na hapa sicheki tena. Umeapa kwamba umemkubalia, na hata pumzi hujavuta umeshachomeka "ingawa". Mwanamke anayepitisha mzigo wa tani kadhaa penye uchochoro, wewe umemtafutia kiti nyuma ya kaunta! Tena unasema "mara mbili tatu tu", kama vile unahesabu sukari kwenye chai. Yule shangazi alikuwa anatania, watu wakacheka kama watu wanavyocheka utani. Jiulize basi, kwa nini mwenye shughuli hakucheka? Angekuwa hajawahi kusikia habari za kaunta, angecheka kuliko wote, akaja kukukanda shingo. Hakucheka kwa sababu jambo analolijua siku zote limesemwa hadharani na mtu asiyelijua.

Kwa hiyo barua ya mwalimu usiiombe. Itaeleza habari za shingo, na hakuna aliyekuuliza habari za shingo. Kujificha mpaka upone nako ni kumkimbia tu. Akirudi safari, mfuate pale anapoegesha, kichwa kikiwa kimelala hivyo hivyo, hiyo isikutie haya. Mwambie habari ya kaunta ilikuwa ubinafsi wako, imekwisha, na lori ni lake ukiwa mumewe na usipokuwa mumewe. Usimwombe akujibu hapo hapo. Lakini ukihisi "ingawa" inapanda kooni, basi ndugu yangu imeze, usogee pembeni, umpishe aondoe gari. Atalia kidogo akiwa kwenye usukani, na atafika anakokwenda.